Bomba la kurudisha oili ya turbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na mafundi na wenye magari wanaofunga turbo (kifaa chenye feni mbili kwenye shafti moja: ya ekzosi huzungushwa na gesi inayotoka, ya kompresa husukuma hewa ndani ya injini) kwenye injini iliyotoka kiwandani bila turbo, au wanaoondoa turbo ya kiwandani na kuweka kubwa zaidi. Wengi huuliza wakiwa tayari wamenunua turbo ya pili. Ya kwanza ilitoa moshi wa bluu, ikahukumiwa kuwa imekufa, ikatolewa. Ya pili ikafungwa kwenye bomba lilelile, na muda si mrefu moshi ukarudi. Mara nyingi turbo zote mbili zilikuwa nzima, na kosa lilikuwa kwenye bomba la kurudisha oili kutoka turbo hadi kwenye injini, ambalo watu hulifikiria mwisho kabisa kwa sababu linaonekana ni kitu cha kuunganisha tu.

Kwa nini bomba la kurudi liwe nene wakati la kuingiza oili ni jembamba?

Oili inayoingia kwenye turbo inasukumwa na pampu ya injini. Injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa, msukumo huo huwa bar 3 hadi 5 katika injini nyingi, kwa hiyo tundu la milimita 4 au 5 linatosha kabisa. Oili ikishapita kwenye bushi au beringi, msukumo wote umekwisha. Pale katikati kuna shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye turbo ndogo hata zaidi ya mara 200,000. Oili inapigwapigwa, inachanganyika na hewa na gesi kidogo iliyopenya kutoka upande wa ekzosi, inatoka ikiwa povu. Povu hilo lina ujazo mkubwa kuliko oili iliyoingia, na hakuna kinachoisukuma kushuka isipokuwa uzito wake wenyewe.

Ndiyo maana bomba la kurudi halitakiwi kujaa. Oili iteremke ukutani na chini ya bomba, na juu yake ibaki nafasi ya hewa. Tundu la ndani lisiwe chini ya milimita 12 au 13 hata kwa turbo ndogo, na kwa turbo nyingi za magari lenga milimita 14 hadi 16. Fitingi za saizi ya AN-10 (kipimo cha viungo vya mabomba) ndizo zinazotumika zaidi kwa kazi hii, na zinatosha. Bomba pana kupita mahitaji halina madhara yoyote. Jembamba lina madhara kila siku.

Lakini turbo ina sili. Kama ni nzima, oili inapitaje?

Hapa ndipo kutoelewana kwingi kunapoanzia. Sili za turbo hazifanani na sili ya mpira ya krenki (shafti kuu ya injini), yenye mdomo unaobana shafti. Turbo nyingi zina ringi ndogo za chuma, zinazofanana na ringi za pistoni, zilizokaa kwenye mfereji wa shafti. Zina uwazi mdogo, na kazi yake kubwa ni kuzuia gesi na hewa zisiingie katikati. Oili inazuiwa na mambo mawili: msukumo wa hewa na gesi nyuma ya feni zote mbili, unaoelekea ndani, na umbo la shafti lenyewe, linaloitupa oili pembeni kabla haijaifikia ringi. Mambo hayo yanafanya kazi iwapo tu chumba cha katikati kina nafasi na oili inaanguka chini.

Oili ikishindwa kushuka, chumba kinajaa hadi usawa wa shafti, ringi zinazama, na oili inapita. Ikipita upande wa ekzosi inaungua na kutoa moshi. Ikipita upande wa kompresa inaingia kwenye intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na kuishia kwenye silinda. Turbo mpya, iliyotolewa kwenye boksi leo, itafanya hivyohivyo. Tazama pia ni lini moshi unatoka: injini ikinguruma taratibu bila kukanyagwa, hewa na gesi nyuma ya feni hazina msukumo wa maana, kwa hiyo bomba baya hujionyesha zaidi kwenye foleni, au unapoondoka baada ya kusimama muda mrefu.

Bomba lipite wapi?

Lishuke. Kutoka kwenye turbo hadi linapoingia kwenye injini, kila sentimita iwe chini kuliko iliyotangulia. Ukiweza kupata njia ya wima iliyonyooka, acha kutafuta nyingine, hata kama itakulazimu kusogeza waya au kukata kipande cha braketi.

Anza na turbo yenyewe. Tundu la kutokea oili liangalie chini. Watengenezaji wengi huruhusu liinamie upande mmoja kwa nyuzi 30 hadi 35 tu kutoka wima, na mstari wa shafti ukae karibu na mlalo, usizidi nyuzi 15. Kama turbo imekaa kwenye manifoldi (mabomba ya ekzosi yanayofungwa kwenye injini) na tundu linaangalia ubavuni, usianze kupinda bomba ili kufidia. Legeza bolti au klampu zinazoshika nyumba ya kompresa na nyumba ya ekzosi, zungusha sehemu ya katikati mpaka tundu liangalie chini, kisha kaza tena. Fanya hivyo turbo ikiwa mezani, kwa sababu nyumba ikipindia kidogo wakati wa kuivuta, panga za feni zinagusa ukuta na kukunjika. Ukimaliza, zungusha shafti kwa kidole. Isiguse popote. Angalia pia kama fimbo ya akchueta (kisukumio) bado inafika kwenye westigeti (mlango wa kupunguza gesi inayozungusha turbo) bila kupinda.

Baada ya hapo kuna adui wawili. Wa kwanza ni tumbo, yaani mahali ambapo mpira umelegea ukashuka kisha ukapanda tena kidogo kabla ya kuingia. Oili inatuama pale, na nafasi ya hewa inaziba. Mpira mrefu kuliko inavyohitajika hufanya tumbo hata kama ulifungwa vizuri, kwa sababu ukipata joto unalainika. Ukate kwa urefu kamili. Wa pili ni kipande cha mlalo. Kikiwa gereji kinaonekana kina mteremko kidogo, lakini gari halikai gereji. Bomba linaloteremka kuelekea mbele ya gari kwa nyuzi 10 linakuwa mlalo kabisa gari likipanda mlima wenye mwinuko wa asilimia 17 au 18, na likipanda mkali zaidi, oili inarudi kwenye turbo. Kuondoka kwa kasi na kukanyaga breki kwa nguvu kuna athari hiyohiyo. Ikibidi bomba lisafiri mbali, lisafiri kwa kukata upana wa injini badala ya kufuata urefu wa gari, na mteremko wake uwe mkubwa kadiri nafasi inavyoruhusu.

Liingie kwenye sampu au kwenye bloku?

Popote palipo juu ya usawa wa oili na nje ya njia ya oili inayorushwa na krenki.

Sampu ni bakuli la oili chini ya injini, na bloku ni mwili wa injini wenye silinda. Kwanza chunguza bloku. Injini nyingi ambazo zina ndugu yake mwenye turbo zina uvimbe wa chuma uliotengwa kwa kazi hii ubavuni mwa bloku. Wakati mwingine umeshatobolewa na kuzibwa kwa plagi, wakati mwingine bado haujatobolewa. Mahali hapo palichaguliwa na waliochora injini, na ni salama kuliko pa kubahatisha. Baadhi ya injini hurudisha oili kwenye hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), kama Subaru za familia ya EJ ambazo turbo yake imekaa juu, ila hilo linafaa pale tu hedi ina njia pana za kuteremshia oili.

Kwenye sampu, ingiza ubavuni, juu kadiri inavyowezekana, karibu na ukingo unaofungwa kwenye bloku. Kuingiza chini ya usawa wa oili ni kosa ambalo bado linatetewa na watu wanaosema oili inajitafutia usawa wake. Ni kweli inajitafutia, lakini kwenye bomba inasimama juu hadi usawa wa ile ya sampu, nafasi ya hewa inaziba, na povu jepesi linabaki linaelea juu yake bila uzito wa kulisukuma kushuka. Povu ndilo linalopanda kufika kwenye turbo.

Na krenki? Inapozunguka inarusha oili kwa nguvu kwenye kuta za bloku. Tundu likiwa limeangaliana moja kwa moja na vipande vizito vya krenki, oili inarushwa ndani ya bomba lako. Shusha sampu, zungusha injini kwa spana, na uangalie krenki inapita wapi. Kama sampu ina bati la kuzuia oili isirushwe, tundu likae nyuma au chini ya bati hilo, mradi liwe juu ya usawa wa oili.

Nitajuaje usawa wa oili ulipo kwa nje?

Usikisie kwa kutazama umbo la sampu. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, mwaga oili, toa bolti ya kumwagia, weka fitingi yenye uzi uleule iliyoungwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kisha upandishe mpira huo ubavuni mwa sampu na uufunge kwa tepu. Rudisha oili hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia. Subiri iteremke yote, maana ikiwa baridi inachukua muda. Oili ndani ya mpira itasimama usawa mmoja na ile ya ndani ya sampu. Chora mstari kwa kalamu ya rangi pale iliposimama.

Ukingo wa chini wa tundu lako uwe sentimita 2 hadi 3 juu ya mstari huo. Injini ikiwaka usawa unashuka, kwa kuwa sehemu ya oili iko juu ikizunguka, lakini gari linapokata kona oili inapanda upande mmoja, na akiba hiyo ndiyo inayokulinda. Kama injini imefungwa ikiwa imelala upande, pima upande uleule utakaotoboa.

Naweza kutoboa bila kushusha sampu?

Usifanye hivyo. Najua kuna wanaopaka grisi kwenye ncha ya drili, na wanaosema watafuta chembe kwa sumaku. Grisi inashika nyingi, haishiki zote. Sumaku haina kazi kwenye sampu ya aluminiamu. Na kumbuka mpangilio wa injini: oili inatoka kwenye sampu, inapita kwenye wavu mpana, inaingia kwenye pampu, ndipo inafika kwenye filta. Chembe ndogo zinaikwaruza pampu kabla filta haijaziona. Kazi ya kushusha sampu ni chafu na inachosha, na kwenye magari mengine inabidi uinue injini au ushushe fremu inayoibeba. Bado ni nafuu kuliko pampu na bushi za krenki.

Sampu ikiwa chini, isafishe, toboa, chomelea kishikio chenye uzi, kisha uhakiki mambo mawili. Je, ukingo umebaki tambarare baada ya joto la kuchomelea? Uweke juu ya kioo kinene na uone kama unayumba. Je, weldi inavuja? Paka chokaa upande wa nje, mimina mafuta ya taa ndani yafunike weldi, na uache kwa muda. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo oili ingechukua wiki kujionyesha, na chokaa itabadilika rangi pale palipo na tundu. Kama hakuna wa kuchomelea aluminiamu vizuri, fitingi ya kupenya ukuta, yenye nati ndani na washa pande zote mbili, inafanya kazi. Hakikisha tu nati hiyo haiguswi na krenki wala bomba la kunyonyea.

Nitumie mpira gani?

Mpira wa maji ya rejeta haufai: oili inauvimbisha na kuulainisha mpaka unaziba wenyewe kwa ndani. Mpira wa silikoni, ule wa rangi unaotumika kwenye mabomba ya intakula, nao haufai, isipokuwa uwe na utando maalumu wa ndani unaostahimili oili. Huu ndio unaowadanganya wengi kwa sababu unastahimili joto vizuri na kwa nje unaonekana mzima, huku ndani oili imeshaupenya.

Vinavyofaa ni mpira wa FKM, ambao wengi wanaujua kwa jina la Viton, au mpira wa PTFE (Tefloni) uliosukiwa nyuzi za chuma. PTFE hustahimili zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi. Mpira wa kawaida wa oili, wa nitrili, huanza kukakamaa ukikaa muda mrefu kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100 na kidogo, na oili inayotoka kwenye turbo iliyofanya kazi ngumu hupita hapo. Unaweza kuutumia chini karibu na sampu, si chini ya turbo.

Ninachokipenda mimi ni bomba la chuma kutoka turbo, bomba la chuma kutoka sampu, na kipande kifupi cha mpira wa FKM kikiyaunganisha katikati kwa klampu mbili. Chuma hakifanyi tumbo na hakiogopi joto la karibu, na mpira unameza mtikisiko na kutanuka. Bomba la chuma tupu bila kiungo laini hupasuka kwenye weldi ya flanji (bapa la kufungia bomba kwa bolti), kwa sababu manifoldi ikipata joto inatanuka na kuisogeza turbo, huku sampu imebaki palepale. Kila ncha ya chuma inayoingia kwenye mpira iwe na uvimbe mdogo wa kuzuia usichomoke.

Karibu na ekzosi ni karibu kiasi gani?

Liweke mbali kadiri unavyoweza, na pale usipoweza, weka bati la kukinga joto lililoachiwa nafasi ya hewa kati yake na bomba. Soksi ya kukinga joto inasaidia, ila isiguse ekzosi, na ikilowa oili itupe. Nyumba ya ekzosi ya turbo ya petroli hupitisha gesi yenye joto la nyuzi 900 na zaidi inapobebeshwa mzigo. Oili inayodondokea hapo inawaka. Moto mwingi chini ya boneti baada ya kufunga turbo huanzia kwenye uvujaji mdogo uliodharauliwa.

Fitingi ya nyuzi 90 ina ubaya?

Ndiyo, hasa ile iliyotobolewa kutoka pande mbili ikakutana kwa kona kali. Tumia bomba lililopindwa kwa mkunjo mpana, au kona mbili za nyuzi 45 zenye nafasi kati yake. Jambo jingine ambalo halionekani kwenye picha: kuna flanji zinazouzwa kuwa za saizi kubwa wakati tundu lake la ndani ni milimita 9 au 10. Kabla ya kufunga, chukua shina la drili ya milimita 12 ulipitishe kwenye kila fitingi. Lisipopita, umepata kizuizi chako kabla hakijakugharimu.

Niweke silikoni kwenye gasketi?

Hapana, wala tepu ya plamba. Silikoni inayozidi inaminywa ndani, inakatika, inaziba. Gasketi ya chuma au ya karatasi ngumu, safi na kavu, inatosha. Iweke kwenye flanji uitazame: tundu la gasketi lisiwe dogo kuliko la turbo.

Bomba langu ni zuri na moshi bado upo. Nini tena?

Sasa tazama upumuaji wa injini. Watu hawaoni uhusiano wake na turbo, ila upo moja kwa moja. Bomba la kurudi linafungukia ndani ya chumba cha krenki. Gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni inaingia humo, na kadiri turbo inavyosukuma ndivyo gesi hiyo inavyoongezeka. Isipopata njia ya kutokea, msukumo unapanda, na njia rahisi iliyobaki ni bomba lako: gesi inapanda juu huku oili inajaribu kushuka.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uukunje kama herufi U ukiwa na maji nusu, na uunganishe ncha moja kwenye tundu la kijiti cha kupimia oili bila kuvujisha hewa. Ncha ya pili iache wazi. Washa injini. Iliyo nzima itayaacha maji karibu yalipo au itayavuta kidogo kuelekea kwenye injini. Yakisukumwa nje, tofauti ya sentimita 10 kati ya pande mbili ni karibu milibar 10. Unaweza kuona ni kidogo, lakini milibar 10 zinatosha kusimamisha nguzo ya oili ya sentimita 12 ndani ya bomba lenye tumbo, na nguzo ya povu ndefu zaidi ya hapo. Turbo nyingi hazina urefu wa kupoteza kiasi hicho.

Ukikuta msukumo, kagua vali ya PCV (inayotoa gesi kwenye chumba cha krenki), mipira ya upumuaji iliyojikunja au kujaa tope la oili, na tangi la kukusanyia oili lenye tundu dogo au filta iliyoziba. Kwenye injini iliyoongezwa turbo, mfumo wa zamani wa kupumua mara nyingi hautoshi. Pia PCV iliyounganishwa kwenye manifoldi ya hewa bila vali ya kuzuia kurudi itaingiza msukumo wa turbo ndani ya injini. Vyote vikiwa sawa na msukumo bado upo, pima kompresheni (msukumo ndani ya silinda). Labda ringi zimechoka, na hapo turbo haina hatia.

Kuna namna ya kujua tatizo liko upande gani?

Ipo. Fungua bomba upande wa sampu, ziba tundu la sampu, elekeza bomba kwenye chombo safi kilicho chini yake, na washa injini ingurume kwa muda mfupi. Mtu mmoja akae kwenye swichi, mwingine atazame bomba, na kizima moto kiwe karibu. Oili itoke kwa mfululizo bila kusita. Moshi ukikoma bomba likiwa linamwaga nje, kosa liko pale linapoingia au kwenye msukumo wa krenki. Usipokoma, subiri kwanza: oili iliyokwisha kujaa kwenye ekzosi inaendelea kuungua kwa muda hata baada ya kosa kuondolewa. Ukiendelea kwa ukaidi, tazama bomba lenyewe, kiasi cha oili kinachoingia, kisha turbo. Usisahau kuirudisha oili hiyo kwenye injini kabla ya kuliendesha gari.

Oili inaweza kuwa inaingia nyingi mno?

Inaweza, hasa kwenye turbo za beringi za gololi. Hizo zinahitaji oili kidogo, na kwa kawaida huwekewa kizuizi chenye tundu la karibu milimita 1 kwenye njia ya kuingilia. Kikikosekana, bomba zuri la kurudi nalo linazidiwa. Turbo za bushi zinaelea juu ya utando wa oili na zinaitaka kwa wingi, kwa hiyo usiziwekee kizuizi kwa kubahatisha. Fuata maelekezo ya aliyeitengeneza. Kwenye bomba la kurudi kizuizi hakiwekwi kamwe, kwa turbo ya aina yoyote.

Turbo yangu iko chini ya usawa wa oili. Nifanyeje?

Kwanza jaribu kuipandisha. Manifoldi iliyochomelewa upya ikakupa sentimita chache ni bora kuliko pampu yoyote, kwa sababu mvuto wa ardhi hauungui fyuzi.

Ikishindikana, pampu ya kunyonya ndiyo njia. Porsche wametumia pampu ya namna hiyo kwenye 911 Turbo, ambayo turbo yake imekaa chini ya injini. Mpangilio ni huu: chini ya turbo unaweka kikombe kidogo cha kukusanyia, oili inaanguka humo kwa uzito wake kupitia bomba fupi pana, na pampu inanyonya kutoka chini ya kikombe na kuipeleka kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Pampu iwe na uwezo mkubwa kuliko oili inayoingia kwenye turbo, kwa kuwa inavuta povu. Iwe imetengenezwa kwa oili ya moto. Pampu ya petroli haifai. Iwekewe relei na fyuzi yake, na taa ya onyo mbele ya dereva, maana ikisimama oili yote inayopita kwenye turbo itaishia kwenye ekzosi na kwenye hewa, na injini itabaki kavu. Njia ya kuingiza oili nayo iwe na vali ya kuzuia, la sivyo oili ya injini itateremka polepole kwenye turbo usiku gari likiwa limeegeshwa, na asubuhi utawasha wingu.

Nimefungua bomba la intakula nimekuta oili. Turbo imekufa?

Utando mwembamba ni kawaida: unatoka kwenye mvuke wa upumuaji unaorudishwa kwenye hewa. Futa, endesha kwa siku kadhaa, tazama tena. Ukikuta imetuama chini, rudi kwenye maswali ya juu, na uangalie filta ya hewa pia. Filta iliyoziba hufanya kompresa ivute oili kutoka katikati ya turbo hata bomba likiwa halina kosa.

Bomba la kiwandani linahitaji kubadilishwa?

Kama injini ni ya zamani, litoe na ulitazame kwa tochi. Injini ikizimwa ghafla baada ya kukimbizwa, joto la ekzosi linahamia katikati ya turbo, oili iliyobaki inaungua na kugeuka masizi magumu. Masizi hayo hujijenga ndani ya bomba mwaka baada ya mwaka. Bomba la milimita 15 unaweza kulikuta limebaki na njia ya milimita 7. Kulisafisha kwa waya kunaacha vipande, kwa hiyo kama bei si kikwazo weka jipya. Tabia ya kuiacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima baada ya safari ya nguvu inapunguza masizi hayo sana.

Nilikague lini baada ya kulifunga?

Mara ya kwanza injini ikishapata moto kamili na kupoa kabisa: kaza tena bolti za flanji na klampu, kwa sababu gasketi inakaa. Kisha baada ya wiki moja ya matumizi, pitisha mkono chini ya bomba lote. Ukihisi unyevu, fuatilia unakoanzia juu. Tafuta mahali pa kung'aa kwenye nyuzi za chuma za mpira, maana hapo unasuguana na kitu na utatoboka. Baada ya hapo, kila unapobadilisha oili, minya mpira kwa vidole: ukiwa mgumu kama mti, au ukibonyea bila kurudi, ubadilishe siku hiyohiyo kabla ya kumimina oili mpya.